Kabla hujabadili taa za gari, washa dim ukutani

Ukitoka Moshi usiku kuja Arusha, ukishapita Boma Ng'ombe hukosi kukutana na gari yenye taa nyeupe pee zinazokupofusha. Unampiga full, naye anakujibu kwa full ya kweli kukuonyesha kwamba alikuwa dim. Na hasemi uongo. Shida iko ndani ya taa.

Taa nyingi za magari yetu ya mtumba kutoka Japani zimeundwa kwa balbu za halojeni. Chukua balbu moja ya aina ya H4 uitazame karibu (usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaiunguza mapema). Ina nyuzi mbili, wa full na wa dim, na chini ya uzi wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usipande machoni mwa anayekuja. Ukichomeka LED ya bei poa ambayo chipu zake hazikukaa pale pale ulipokuwa uzi, mwanga unatawanyika. Lami ya karibu na boneti inang'aa, unafurahi, lakini mbali huoni chochote cha ziada. Xenon (balbu za gesi zisizo na uzi) kwenye taa ya halojeni ni balaa zaidi. Uingereza, gari iliyogeuzwa hivyo inafelishwa kwenye ukaguzi wao wa MOT.

Kwenye ukaguzi wa stika za Nenda kwa Usalama utaambiwa washa full, rudisha dim, indiketa, breki. Usisubiri trafiki akugundue. Paki mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Pima kimo cha katikati ya taa, weka alama ukutani kwa kimo hicho hicho, kisha washa dim. Mstari wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama, na upande wa kushoto uinuke kidogo, maana sisi tunaendesha kushoto. Ukiinuka kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi wanazoendesha kulia, na hakuna skrubu ya kuinyoosha. Na kama baada ya kuweka LED huoni mstari kabisa, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Mimi nilitaka mwanga zaidi kwenye Noah yangu, fundi umeme wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, akanizuia kununua chochote kwanza. Akapima soketi ya balbu: volti 10 na kitu, wakati betri ilikuwa na 12 na ushee. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka rilei (swichi ya umeme inayowashwa na swichi ya taa) na fyuzi, akasafisha earth, pale waya unapofungwa kwenye bodi. Kisha akapiga msasa wa maji zile plastiki za mbele ya taa zilizofubaa kwa jua, akamalizia na polishi. Balbu zile zile za zamani, na sasa nawaona bodaboda wa Kikatiti wasio na taa nikiwa bado mbali.

Wenye LED bar kwenye ngao, hasa wenzangu wa magari ya tour: iwe na swichi yake, na ukiwa lami ivike kifuniko. Porini huko washa utakavyo.