Kabla ya kuwasha runinga, chora mstari chini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. Ana banda la kuonyesha mpira kama langu, na anataka Olimpiki ya Los Angeles 2028 iwakute watu wake wameshazoea michezo mingine. Swali lake lilikuwa hili: "Kaka, nianze na mchezo gani? Mimi mwenyewe nje ya mpira na ndondi sielewi kitu, na watu wangu wakiona wasichokijua wanaondoka."

Nimekaa na ujumbe wake siku tatu. Najibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnatamani kitu hicho hicho: mtaa mzima ukae macho usiku kwa ajili ya mtu anayerusha mkuki.

Jibu langu ni kwamba usianze na mchezo. Anza na sheria moja, ile inayoweza kumtoa mtu mashindanoni. Historia na majina ya mabingwa vitakuja vyenyewe. Jibu hili sikulisoma mahali, nimelipata kwa kuumia.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mwisho wa timu yetu ya kupokezana vijiti, wale wanne wa mita 100 kila mmoja. Kijiti chetu cha mazoezi kilikuwa kipande cha bomba la maji la plastiki, tulichokikata kwa msumeno na kukisugua ncha kwa msasa kisitukwaruze viganja. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, hauna mstari hata mmoja. Tulijua kukimbia, tulijua kupokea bila kugeuza shingo, na shuleni kwetu hakuna aliyeamini kwamba kuna kingine cha kujua.

Tulifika fainali ya kanda. Mwenzangu wa tatu alikuja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake kabla ya siku ile. Nikachelewa kuondoka. Nikarudisha mkono nyuma, kijiti kikatua kiganjani, nikakibana na kukimbia. Mbele yangu hapakuwa na mtu hadi mwisho. Nilipogeuka kushangilia nikamwona mwamuzi kwenye kona ya mwisho amesimama na bendera ya njano juu.

Nilikuwa nimepokea kijiti hatua mbili kabla ya mstari. Siku zile eneo la kubadilishana lilikuwa mita 20. Mpokeaji aliruhusiwa kusimama hadi mita 10 nyuma ya eneo hilo na kuanza kukimbia, lakini kijiti chenyewe kilitakiwa kihame mkono ndani ya zile mita 20. Kinachotazamwa ni kijiti kilipo. Miguu haihesabiki, wala kifua. Ile rangi iliyopigwa chini mimi niliiona kama pambo la uwanja.

Mwalimu wetu wa michezo alinisema mbele ya timu nzima kwamba nimewaponza. Yule aliyenipa kijiti hakunisemesha njia nzima ya kurudi, na tulipomaliza shule tulikuwa bado tunasalimiana kwa kichwa tu. Nina miaka karibu arobaini sasa na lile neno "umetuponza" bado nalisikia kwa sauti yake. Nililaumiwa kwa sheria ambayo aliyenilaumu hakuwahi kunifundisha.

Miaka ya katikati haina la kusimulia. Mwaka 2017 nikafungua banda hapa Tanga, Makorora: mabenchi kumi na mawili, runinga mbili, king'amuzi, na kiingilio ambacho kila mtu anakililia. Julai 2024 ligi za Ulaya zimesimama, mabenchi yamekauka, na Paris inaanza. Nikabandika karatasi mlangoni: OLIMPIKI, BURE.

Usiku wa kwanza waliingia kama watu thelathini. Baada ya nusu saa walibaki wanne. Mzee mmoja jirani yangu, akiwa ameshavaa makubadhi yake tayari kuondoka, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, hapa tunaangalia watu wanahangaika, na hatujui wanahangaikia nini."

Maneno yale yalinikumbusha kona ile ya 2004. Watu wangu walikuwa wanaangalia mistari na kudhani ni mapambo.

Asubuhi nikachukua DVD ya zamani, nikaipigilia kwenye mwembe ulio mkabala na kijiwe cha bodaboda, nikahesabu hatua sabini na kuwaita vijana. DVD ina upana wa sentimita 12. Ile duara ya katikati kabisa kwenye ubao wa mishale wa Olimpiki, yenye pointi 10, ina upana wa sentimita 12.2, na mpigaji husimama umbali wa mita 70. Kijana mmoja akasema haioni. Mwingine akasema anaona inang'aa tu jua likiigonga. Hapo nikawapa sheria: kila raundi mna mishale mitatu kila mmoja, anayepata jumla kubwa anachukua alama mbili, mkilingana kila mmoja anapata moja, na wa kwanza kufika sita ameshinda. Mkifika tano kwa tano, kila mtu anapiga mshale mmoja tu. Mishale hiyo ikilingana pointi, ulio karibu zaidi na katikati ndio unaoshinda.

Sikuongeza neno. Jioni walikuja wenyewe.

Siku chache baadaye Israel Madaye wa Chad alipambana na Kim Woo-jin wa Korea Kusini, na mshale wake mmoja ukaenda ukingoni kabisa, pointi 1. Mtandaoni wapo waliomcheka. Bandani kwangu hakucheka mtu. Wote walikuwa wamesimama pale na kuitafuta DVD kwa macho, na walijua kwamba kuugusa tu ubao ule ni kazi. Na Kim huyo huyo, kwenye fainali na Mmarekani Brady Ellison, walifika tano kwa tano, wakapiga mmoja mmoja, wote wawili wakapata 10. Kim akachukua dhahabu kwa tofauti ya milimita 4.9. Nilipanga DVD nne mkononi, moja juu ya nyingine, nikazungusha bandani: tofauti yenyewe ndiyo hii, unene wa DVD nne. Yule mzee alizishika muda mrefu kabla ya kumpa aliye pembeni yake.

Basi nikaendelea hivyo hivyo, sheria moja kwa jioni moja. Judo ilikuwa rahisi kwa sababu Andrew Mlugu alikuwepo Paris kwa ajili ya Tanzania. Nilitandika mkeka, nikamlaza kijana chali, mwenzake akambana, na banda zima likahesabu. Sekunde 10, mbanaji amepata waza-ari, yaani nusu ya ushindi. Sekunde 20, ni ippon, ushindi kamili, na pambano limekwisha, hata kama saa ina dakika tatu mbele. Ukimtupa mtu akatua mgongo vizuri, kwa nguvu na kasi na ukiwa umemdhibiti, hiyo pia ni ippon. Waza-ari mbili nazo zinatosha. Aliyebanwa aliinuka anahema na kusema sekunde 20 ni ndefu kuliko dakika za nyongeza. Tangu siku ile anaangalia judo peke yake kwenye simu.

Mkuki ulihitaji mstari tu. Mrushaji akiugusa au kuuvuka ule mstari wa mviringo mbele yake, mtupo umeharibika. Na mkuki lazima ncha yake ya chuma itangulie kugusa ardhi. Sasa mtazame Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha kwa kuangalia video mtandaoni na kupata medali ya fedha Rio 2016 kwa mita 88.24. Akishauachia, mwili wote unakwenda naye hadi anaanguka kifudifudi, mikono karibu na mstari. Asiyeijua sheria anaona mtu ameanguka. Anayeijua anakuwa ameshika pumzi.

Tarehe 5 Agosti usiku, mbio za mita 5,000 za wanawake, banda lilijaa hadi mlangoni. Beatrice Chebet wa kwanza, Faith Kipyegon wa pili, kelele tupu. Kisha tangazo: Kipyegon ameondolewa kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Watu walitaka kunirudia mimi kana kwamba ndiye niliyemwondoa! Nikawaambia tulieni, kuna sheria nyingine. Timu inayoona imeonewa ina haki ya kukata rufaa, na jopo hurudia picha upya. Nusu ya watu waliondoka wakiwa na hasira. Waliobaki walikuwepo Kenya ilipokata rufaa ikashinda, Kipyegon akarudishiwa medali ya fedha, na Sifan Hassan wa Uholanzi akarudi kwenye shaba. Asubuhi waliobaki waliwasimulia walioondoka, na hawakuondoka tena.

Nikawa najiandaa kwa vijiti. Hiyo niliiweka mwisho kwa makusudi, moyo ulikuwa mzito. Mchana wa tarehe 9 Agosti nikafungua simu nisome sheria upya nisije nikawadanganya watu, na pale nikakuta jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Kuanzia msimu wa 2018 eneo la kubadilishana ni mita 30. Zile mita 10 za kuanzia kukimbia zimeingizwa ndani ya eneo lenyewe. Pale nilipopokea kijiti mwaka 2004, hatua mbili kabla ya mstari, leo ni halali.

Nilikaa kwenye benchi la nyuma na simu mkononi. Sitaficha, nililia.

Kisha nikatoka nje na majivu kwenye kopo, nikachora barabarani mstari wa kwanza, nikapima mita 30, nikachora wa pili. Nikakata kipande cha bomba, karibu sentimita 30, urefu wa kijiti halisi. Watoto wa mtaa wakapokezana hadi jioni, nami nimechuchumaa mstarini nikiangalia bomba liko wapi. Wakubwa wakasimama kuangalia, wakaanza kubishana wao kwa wao: imetoka, haijatoka.

Saa tatu kasoro usiku wakakimbia fainali ya wanaume. Marekani, wenye kasi kuliko wote kwenye karatasi, walivurugika kwenye kupokezana kwa kwanza. Christian Coleman alimparamia Kenny Bednarek na kijiti kikahama mkono nje ya eneo. Kabla mtangazaji hajasema neno, mtoto wa miaka kumi aliyekuwa amekaa chini mbele kabisa alinyoosha mkono juu kama bendera: "Imetoka!" Kanada wakachukua dhahabu, Marekani wakaondolewa. Yule mtoto mpaka leo mtaani wanamwita Refa, na ninajivunia kuwa nimemfundisha mimi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Mwanza, na ninyi nyote mnaonisoma: sheria kwanza. Walimu wa michezo, nawaomba sana, mtoto asikimbie mbio ambazo hajaonyeshwa mistari yake. Wazazi, acheni kumwambia mtoto "huo mchezo si wetu." Mchezo si wetu mpaka lini? Mita 5,000 hazikuwa za mtu hadi mtu alipozikimbia. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani Mexico mwaka 1968 wa mwisho kabisa kwenye marathoni, goti limefungwa bandeji, na dunia inamkumbuka. Septemba 2025 Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo kwa sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani Amanal Petros, aliyejirusha hadi akaanguka. Kinachohesabiwa kwenye mstari wa mwisho ni kiwiliwili. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Tulikuwa watu kumi na tisa bandani saa tisa ile ya usiku, na wote kumi na tisa walikuwa wanatazama vifua kabla picha haijatolewa. Sheria kwanza, nasema tena.

Muda bado upo. Olimpiki ya Vijana inafanyika Dakar, Senegal, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kufika Afrika. Hiyo itumie kwa mazoezi. Los Angeles inaanza 14 Julai 2028, na sisi tutakuwa mbele yao kwa saa 10, kwa hiyo fainali zao za jioni zitatukuta alfajiri. Panga chai na vitumbua mapema. Utaongezewa kriketi, skwoshi, lakrosi, besiboli na softiboli, na ule mpira wa Kimarekani ambao badala ya kumwangusha mwenye mpira unamnyofoa kitambaa cha kiunoni. Huo wa vitambaa nao usiuogope. Wafunge watoto kanga viunoni, jioni moja watakuwa wameuelewa.

Nilimpigia yule mwenzangu wa 2004. Ilinichukua miezi kadhaa baada ya Paris. Yuko Korogwe, ana watoto watatu. Nilimwambia kuhusu mita 30 na akanyamaza. Jumapili iliyofuata akaja na basi la asubuhi. Nilichora mstari kwa majivu kama kawaida, yeye akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga pale kwa kisigino na kuuliza, "Hapa?" Nikamwambia hapo hapo. Akaniomba lile bomba.