Glavu ya muziki inarudia noti: anza na mshono na rizista

Mkuu, umesema glavu yako yenye vihisi vya kupigia muziki kwa kompyuta, kidole kikikunjwa mara moja inapiga noti tatu au nne, na sasa kidole cha shahada hakisikiki kabisa. Hayo ni matatizo mawili, na programu ya muziki haihusiki na lolote kati yake.

Kidole kilichokufa kwanza. Utepe wa kihisi cha mkunjo (ule wa Spectra Symbol wa inchi 2.2) huharibikia shingoni, pale miguu ya chuma inapoingia kwenye plastiki. Shingo hiyo isikunjike hata kidogo. Shona mfuko mwembamba mgongoni mwa kidole, uingize utepe upande wenye michoro ukitazama juu, kitako (upande wa miguu) ukikaze nyuma ya kifundo cha kidole, kwenye mgongo wa kiganja. Ncha iache iteleze. Ukizibana ncha zote mbili, kila mkunjo unavuta utepe na waya mpaka kimoja kikatike. Tumia waya wa nyuzinyuzi, uache ulegevu kifundoni mwa mkono. Lehemu isizidi sekunde mbili, plastiki inayeyuka upesi.

Sasa rizista, kile kipande cha kuzuia umeme kinachounganishwa na kihisi. Kihisi kilichonyooka kina ukinzani wa takribani ohmu 25,000. Kikikunjwa na kidole, chukulia 60,000. Kihisi kikiwa upande wa volti 5 na rizista ya 10,000 upande wa hasi, Pro Micro (bodi ndogo inayosoma kihisi, kwa namba 0 hadi 1023) inasoma kutoka 292 hadi 146. Weka 39,000, inasoma kutoka 623 hadi 403. Umepata hatua 220 badala ya 146 kwa kubadilisha rizista tu.

Kurudia noti kunatokana na kizingiti kimoja, yaani namba moja tu ya kuamua kidole kimekunjwa au la. Tuseme ni 500, kidole kikipita pale namba inatetemeka, 498, 502, 499, na kila ikivuka bodi inahesabu mkunjo mpya. Weka viwili: noti ianze namba ikishuka chini ya 470, izimike ikipanda juu ya 540. Katikati usiguse kitu. Kabla ya kulinganisha, lainisha namba kila milisekunde 5: ya zamani mara 0.7, jumlisha mpya mara 0.3. Usifike 0.95 kwa 0.05, maana noti itachelewa kama milisekunde 100 na mpigaji ataisikia tofauti hiyo mara moja.

Vidole vinne vipe noti namba 60, 62, 64 na 67 za MIDI (lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki). Hata ukivikunja vyote pamoja haviumizi sikio. Mwinamo wa mkono kutoka kihisi cha mwendo cha MPU-6050 upeleke kwenye kidhibiti namba 74, ukituma pale tu thamani inapobadilika, la sivyo unaijaza njia ya MIDI bure.

Noti zikikwama kisha zikatoka kwa mkupuo, umesahau MidiUSB.flush(), amri ya kusukuma ujumbe uende kwenye kompyuta, baada ya kutuma.

Na vile vizingiti visikae milele kwenye programu. Glavu haikai mkononi sawasawa kila ikivaliwa, kwa hiyo kila ukiwasha, sekunde 5 za mwanzo kunja na kunyoosha vidole vyote, bodi ishike namba ya juu na ya chini ya kila kimoja, ikokotoe vizingiti kutoka hapo.