Kulenga shabaha huku moyo unadunda

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nimeshajua kulenga. Nikilala kifudifudi, nimetulia, risasi zangu tano kwa mita 50 zilikaa pamoja kiasi kwamba ungeweza kuyafunika matundu yote kwa sarafu. Siku moja mkufunzi akaniambia niiache bunduki mezani, nikakimbie mita 400, kisha nirudi nifyatue tano nyingine. Matundu yalitawanyika huku na huku, na risasi moja haikugusa hata karatasi.

Kabla sijaendelea: mimi sikimbii na bunduki mkononi. Inabaki mezani, haina risasi, mtutu umeelekea kwenye shabaha, na msimamizi wa uwanja anajua ninachokifanya. Wanamichezo wa biathlon, mchezo unaounganisha mbio za kuteleza na kulenga shabaha, huibeba mgongoni wakiteleza kwenye theluji, lakini nao hawaweki risasi mpaka wafike kwenye mkeka wa kufyatulia.

Nilichokosea siku ile ni kusubiri bunduki itulie. Haitulii. Ukiwa unahema, kifua kinapanda na kushuka, na mtutu unakifuata. Mapigo ya moyo nayo yanaonekana kwa macho: ukilala, mkanda wa bunduki ukiwa umebana ndani ya mkono juu ya kiwiko, ncha ya kulengea inaruka kidogo kila moyo unapopiga. Mimi niliusogeza mkanda juu zaidi, karibu na bega, nikauzungushia upande wa nje wa mkono, na ule mruko ukapungua sana.

Basi nikajifunza kuivumilia ncha inayocheza. Tatizo kubwa ni kidole. Ncha inapita katikati ya shabaha, unaona "sasa hivi!", unaivuta triga kwa ghafla, na mtutu unakwenda pembeni. Ukiibonyeza polepole huku ncha inacheza ndani ya eneo dogo, risasi itaangukia ndani ya eneo hilohilo. Inataka moyo wa subira, kwa sababu macho yanakuhimiza ufyatue.

Kuhusu pumzi, usiizuie kwa nguvu. Ukikaa muda mrefu bila kupumua macho yanaanza kuona ukungu, na mwili uliotoka mbioni unadai hewa mapema zaidi. Mimi napumua mara mbili au tatu kwa kina, natoa hewa bila kujilazimisha, na pale inapoishia, kabla sijavuta nyingine, ndipo nafyatua. Zikipita kama sekunde tano sijafyatua, naondoa kidole kwenye triga, napumua, naanza upya. Hapo mwanzo niliona ni kupoteza muda. Risasi nyingi nilizozikosa ni zile nilizoshindwa kuziacha.

Mita za mwisho kabla ya kufika mezani natembea. Hatua chache hizo zinasaidia kuliko nilivyodhani.

Kusimama ni habari nyingine kabisa. Katika biathlon, duara la kulengwa ukiwa umelala lina kipenyo cha milimita 45, na ukiwa umesimama ni milimita 115, umbali ukiwa uleule wa mita 50. Waliopanga hivyo walijua magoti yanavyotetemeka baada ya mbio! Kwa hiyo usijilaumu ukisimama matundu yakapanuka.

Sehemu kubwa ya mazoezi haya naifanya nyumbani, bila risasi. Nakagua chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, mara mbili, risasi zote ziko chumba kingine, nachuchumaa na kuinuka mara thelathini, kisha nalenga alama ndogo ukutani na kubonyeza. Triga ikilia huku ncha haijaruka, nimefanya vizuri. Mara kumi hivi zinatosha. Nikiona kidole kimeanza kunyakua naacha palepale hata kama zimebaki nne, kwa sababu kidole kilichochoka kinajifunza upesi sana, na kinajifunza vibaya.