Maswali na Majibu: RAM inayoyumba ukiwasha XMP au EXPO

Nimenunua RAM ya DDR4 ya 3600 lakini Windows inaonyesha 2133. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Tabata)

Hapana. Ingia BIOS, ile mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka, uwashe XMP, yaani profaili ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi (ya AMD inaitwa EXPO). Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Someni kitabu cha madabodi kabla ya kurudi dukani kugombana na watu.

Shikamoo fundi. Nina Ryzen 5 7600 na RAM ya DDR5-6000, vipande viwili vya GB 16. Nikiwasha EXPO gemu linajifunga baada ya nusu saa. Nikiizima nacheza hadi usiku wa manane bila shida. Aliyeniuzia anasema ni Windows. (Mbezi)

Marahaba. Windows haihusiki hapa, na ushahidi umeutoa mwenyewe: umebadilisha kitu kimoja tu, na tatizo likaondoka nacho.

Kinachowaponza wengi ni ile namba ya kwenye boksi. Kwa vipande viwili, prosesa yako AMD wanaikubali hadi 5200. Ukipanda juu ya hapo unaisukuma kupita kipimo chake, hata kama umebonyeza kitufe kimoja tu, na AMD na Intel wote wameandika kwamba kufanya hivyo kunaweza kukupotezea waranti. Mashine nyingi za aina yako zinafika 6000 vizuri. Lakini mtengenezaji wa RAM amevipima vipande vyake, hakuipima prosesa yako wala madabodi yako. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na prosesa mbili za jina moja hazilingani nguvu.

Anza na sloti. Kwenye madabodi ya sloti nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha pandisha toleo la BIOS, maana kwenye DDR5 matoleo mapya yametibu mengi, ila usiguse BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na madabodi isiyowaka kabisa. Ikiendelea kusumbua, acha EXPO imewashwa lakini shusha kasi hadi 5800, halafu 5600, ukipima kila hatua. Kwenye gemu tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho. Ikileta makosa hata EXPO ikiwa imezimwa, pima kipande kimoja kimoja, kwani huenda kimoja ni kibovu, na hicho ni haki yako kukirudisha.

Na pima mchana. RAM inahifadhi data kama chaji ndogo ya umeme, chaji hiyo huvuja, na joto likizidi huvuja haraka zaidi. Mashine iliyofaulu saa nane usiku, AC inapuliza na keisi iko wazi, inaweza kuanguka saa tisa alasiri mwezi Februari, feni ya dari inazungusha hewa ya moto na kadi ya picha inachemka sentimita chache kutoka kwenye RAM. Funga keisi, washa gemu, acha chumba kiwe kama kilivyo siku zote, ndipo upime.

Kompyuta yangu inaganda, tatizo nini? (Hakutaja mahali)

Hukutaja prosesa, madabodi, RAM wala inaganda ukifanya nini. Andika upya.

Nimewasha EXPO, skrini ikawa nyeusi, feni zinazunguka tu. Fundi amesema madabodi imekufa ninunue nyingine. (Kigamboni)

Usinunue chochote. Mashine za DDR5, hasa za AM5 (soketi ya Ryzen 7000), hujifunza RAM upya kila ukibadilisha mipangilio hiyo, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Wengi huzima katikati, wakawasha, wakazima tena, na kazi haiishi. Subiri robo saa. Ikishindikana, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe uwashe. Mipangilio itarudi ya kiwandani. Fundi anayetangaza kifo cha madabodi kabla ya kufanya hivyo, usimpe kazi yako.

Nikiongeza volti si itatulia? (Ubungo)

Acha. DDR5 ya kawaida inatumia volti 1.1, na profaili nyingi tayari zimeipandisha hadi karibu 1.35. Volti ya SoC, ile sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, ndiyo ya kuogopa zaidi: mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye soketi, AMD wakalazimika kuweka kikomo cha 1.3 kupitia BIOS mpya. Kama una AM5 na BIOS yako ni ya kabla ya hapo, ipandishe kabla hujawasha EXPO.

Nina studio ya video. Nilikuwa na vipande viwili vya GB 16, nikaongeza viwili Kariakoo vya kasi ileile. Mashine haizimi, ila mafaili mengine ya zip hayafunguki na baadhi ya picha zina mistari katikati. Kipimo cha Windows kinasema RAM ni nzima. (Dada wa Sinza)

Dada, hili ndilo linaloniumiza kuliko yote leo. Mashine inayojizima inakuambia inaumwa. Ya kwako inaendelea kufanya kazi huku ikiandika uongo kwenye diski.

Kasi ileile haitoshi. Vipande vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani ingawa stika zinafanana, na kuwa na vinne peke yake ni mzigo: kwa Ryzen 7000, vipande vinne AMD wanavikubali hadi 3600 tu, kutoka 5200 ya viwili. Wauzaji hawalisemi hili, na wanaonunua hawaulizi. Ukitaka GB 64, nunua boksi moja la vipande viwili vya GB 32.

Kipimo cha Windows ni chepesi. Weka Memtest86+ kwenye flashi, ni ya bure, uiache usiku kucha. Kosa huonekana hivi: palipoandikwa FFFFFFFF pamesomeka FFFFFFFB. Ni biti moja tu, na inatosha kuharibu faili la zip. Kosa moja likitokea, RAM imefeli, hakuna "ni dogo".

Leo hii zima XMP, toa vile viwili vipya, pima. Ikishakuwa safi ndipo ukague kazi zote za tangu ulipoviweka, na nakala za akiba pia, kwa sababu zimepita kwenye RAM hiyohiyo. Kadi za kamera za harusi za karibuni usizifute mpaka umemaliza kukagua.