Siku 84 zinahesabiwa kuanzia lini?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Sheria za likizo na afya ya wafanyakazi zimebadilika. Je, waajiri wanazifuata?" Nililisoma Jumapili jioni nikikunja nguo, nikaliacha. Usiku likaniamsha. Nimetunza daftari la likizo miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha korosho hapa Mtwara, kwa hiyo nilijiona jibu ninalo mkononi: hawafuati mpaka wabanwe. Nilitaka niandike mistari mitano ya hivyo, nirudi kulala.

Kilichonizuia ni mama mmoja wa chumba cha kumenya, mwaka 2016.

Anayeijua korosho anaijua kazi ya kumenya. Korosho imeshabanguliwa na kukaushwa, wewe unaondoa lile ganda jembamba la ndani bila kuivunja, maana iliyovunjika bei yake si ile. Yule mama alikuwa na vidole vya kazi hiyo, na alikuwa mtu wa utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mjamzito atoe taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Alileta barua kwa wakati, na cheti cha daktari kimebanwa nyuma. Barua ile haikufikisha hata wiki tatu ndani ya faili langu. Alijifungua mimba ikiwa na wiki 29. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia na hamsini.

Tulikwenda kumwona watu watatu, tumebeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Tulimkuta amekaa kitandani, khanga imemzunguka kifuani, na mtoto yumo ndani ngozi kwa ngozi, kinachoonekana ni kofia ya sufu tu. Kila baada ya saa tatu alikamua maziwa kwenye kikombe, nesi akayavuta kwa bomba la sindano, yakapita kwenye mpira mwembamba ulioingia puani kwa mtoto. Alituambia siku za mwanzo mlo mzima ulikuwa haujai kijiko cha chai. Alizungumza kwa sauti ya chini muda wote, kama mtu aliyebeba yai. Tulipoaga akanivuta mkono.

"Dada, siku zangu zinahesabika?"

Nikamwambia asiwaze hayo, alee mtoto. Nilimdanganya. Zilikuwa zinahesabika, na mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu.

Alikaa wodini wiki saba. Hizo ni siku 49 kati ya 84 za likizo ya uzazi. Zikabaki 35 za kukaa na mwanawe nyumbani. Ijumaa ya mwisho akaja ofisini, mtoto amefungwa kifuani bado, akasimama mbele ya kalenda ya ukutani. "Nihesabie tena." Nikahesabu kwa penseli. Akasema tena. Nikahesabu mara tatu, mara zote tunaangukia Jumatatu ileile. Kwenye daftari langu mtoto alikuwa na wiki kumi na mbili. Kwa hesabu ya tumbo, 29 na 12 ni 41: huyu alikuwa mtoto ambaye, mambo yangekwenda kawaida, angekuwa na wiki moja duniani. Wakati huo hata kilo tatu hakuwa amefikisha.

Nilikwenda kwa meneja. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nimemsimulia kama mtu mbaya. Hakunifokea. Alitoa kitabu cha sheria kwenye droo tukakisoma pamoja, kifungu kwa kifungu, tunatafuta mlango. Likizo ya mwaka, siku 28? Alishaitumia kumuuguza mama yake. Likizo ya ugonjwa? Hiyo ni ndefu, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, lakini inataka cheti kuwa mfanyakazi mwenyewe anaumwa, na yule mama alikuwa mzima. Mtoto akiugua, mzazi ana siku nne. Angezaa pacha angepata siku 100. Angefiwa na mtoto kabla hajatimiza mwaka, angepata siku 84 nyingine. Tulipofika hapo tulinyamaza wote wawili. Sheria ilikuwa na siku kwa mtoto aliyekufa, na haikuwa na siku kwa mtoto anayepigania kuishi.

Nikaomba basi apewe hata likizo bila malipo. Ilikuwa Novemba, korosho ghafi zinaingia kwa malori, kila meza ya kumenya inahesabiwa. "Nikimpa yeye," akasema, "kesho nitampa nani?"

Akarudi kazini. Sheria inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, na alipewa, hakuna aliyemnyima. Lakini alikuwa anakaa Mikindani, na ukiijua daladala ya Mikindani unajua saa mbili zinaishia wapi. Hivyo akawa anakamua maziwa ofisini kwangu, nyuma ya mlango, kiti kimeegemezwa ili mtu asiingie. Nilikuwa napanga karatasi za mishahara huku nikisikia maziwa yakidondoka kwenye kikombe. Kabla ya hapo ananawa mikono mpaka viwiko, anasugua kwa sabuni ya mche, ananusa vidole, ananawa tena. Aliogopa yale mafuta ya maganda ya korosho yanayounguza ngozi, ingawa chumba chake hakikuwa cha kubangua. Maziwa yakipona joto la mchana, jioni anapanda nayo gari.

Siku tisa. Ya kumi hakuja. Nilimpigia simu, haikupatikana. Ukipita siku tano za kazi bila ruhusa kuna neno linaloandikwa kwenye faili, na nililiandika mimi, kwa mkono wangu: utoro.

Mtoto yuko hai, niwatoe wasiwasi. Mama yake anauza vitumbua, tukikutana tunasalimiana vizuri na binti hunipokea mfuko. Hajawahi kunilaumu. Hilo linaniumiza kuliko lawama.

Sasa rudini kwenye swali lenu. Yule meneja alifuata sheria? Alifuata. Siku 84, amelipa zote. Saa za kunyonyesha, ametoa. Afisa kazi angekuja siku ile angepekua faili langu na asikute kosa hata moja. Nilipofika hapa, jibu langu la mistari mitano likavunjika mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika kuhusu watu wasiofuata, na kidonda nilichonacho kimetokana na mtu aliyefuata mpaka nukta ya mwisho.

Ila kuna neno moja tulilipita siku ile kwenye kile kitabu, na nililigundua miaka baadaye. Sheria inasema angalau siku 84. Angalau. Hakuna mahali ilipomkataza mwajiri kutoa 85 au 120. Nilipoliona nilikasirika upya, nikasema kumbe aliweza! Leo nikiandika hasira ile imepungua kidogo. Aliweza, ndiyo, lakini likizo inayotegemea moyo wa bosi ni likizo ya mwenye bahati, na mfanyakazi wa kumenya hastahili kuishi kwa bahati.

Ndiyo maana nilifurahi mabadiliko ya 2025 yalipokuja. Watu walipiga kelele miaka, wakiwemo Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, na taasisi yake inayosaidia watoto kama hao. Bunge likapitisha kwamba anayejifungua mtoto njiti aongezewe likizo kwa kuhesabu muda ambao mtoto alipaswa awe bado tumboni. Nilichukua rula nikachora safu mpya kwenye daftari: umri wa mimba siku ya kujifungua. Safu nyembamba, inaingia tarakimu mbili tu.

Wa kwanza kuingia aliandikwa 33. Nilimpelekea meneja, ni yuleyule, sasa ana mvi. Nilikwenda nimejikaza, maneno nimeyapanga. Alisoma aya mpya mara mbili, akauliza tarehe ya kurudi, akasaini. Dakika mbili hazikufika. Safari hii hakuuliza kesho atampa nani, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa.

Kwa hiyo, pamoja na yote niliyotaka kusema Jumapili, niwekeni upande wa ndiyo. Waajiri wanafuata. Nasema hivyo kwa mahali penye daftari, penye mtu wa kulitunza, na penye mtu aliyeisoma sheria mpya badala ya kuisikia redioni. Mambo ya bima ya afya siyaingizi humo, hayo yana shida zake na sikuyashika mimi. Na nasema kwa wale ambao majina yao yameandikwa.

Maana wapo wasioandikwa. Msimu ukianza tunachukua vibarua, na sheria inamtambua hata mfanyakazi wa msimu kwenye likizo ya malipo, lakini lazima kwanza ajulikane kuwa yupo. Wiki iliyopita msimamizi ameniletea majina kumi na manne kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la shule. Wawili wana mimba, mmoja imeshaonekana kwa mbali. Nimeomba wote waingizwe kwenye daftari langu na wapewe mikataba. Nimeambiwa nisubiri msimu uchanganye. Karatasi ile nimeiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wenye safu mpya, na kila asubuhi naikuta hapo.