Logo ya 3D nianze na programu gani? Maswali yenu ya wiki hii

Leo ni logo za 3D tu, maana mmeniandikia hizo hizo mpaka nimechoka. Wengine mmeuliza swali moja kwa maneno tofauti, nimeyaunganisha.

Mimi mgeni kabisa, nataka logo ya 3D ya duka langu la spea za bodaboda. Nitumie programu gani rahisi? (Mwanza)

Inkscape. Ni ya bure, siyo ile bure ya siku 30, na inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Ila kabla hujakimbilia kupakua nikuulize kwanza, logo yenyewe unayo? Maana wengi wanaoniuliza 3D hawana logo hata ya kawaida, wana jina la duka na hamu. Chora kwa penseli kwenye karatasi, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi, ikisomeka nyeusi kwenye nyeupe ndo washa kompyuta.

Sasa fanya hivi. Andika herufi moja, tuseme K, kwa fonti nene yenye kona zilizonyooka, hizi za kujikunja kunja achana nazo kwanza. Bonyeza Shift+Ctrl+C iache kuwa maandishi iwe umbo, Ctrl+D upate nakala, nakala isogeze kidogo kulia na chini. Chagua zote mbili, nenda Extensions, halafu Generate from Path, utaiona Extrude, weka Polygons. Itajenga kuta kati ya herufi ya kwanza na ya pili. Mara ya kwanza itaonekana kama takataka, usifute, tenganisha hizo kuta, zipeleke nyuma, K ya kwanza, ndo ya mbele, ilete juu kabisa. Halafu rangi: uso rangi yako yenyewe, kuta za pembeni rangi ile ile iliyokolea, kuta za chini iliyokolea zaidi. Rangi moja viwango vitatu basi, jicho lishadanganyika. Hakuna ulazima wa kung'arisha kama rimu mpya.

Rafiki yangu anasema niachane na vingine niingie Blender moja kwa moja. Laptop yangu RAM 4GB.

Rafiki yako anakutakia mema ila laptop yako hajaiona. Wenye Blender wenyewe wanaandika 8GB kama kiwango cha chini. Ukishapata mashine, sawa, ni programu kubwa ya 3D, ni bure, na tangu 2002 watu walipochanga euro 100,000 iko huru kwa kila mtu, na filamu zinatengenezwa humo. Lakini wewe kwa logo unahitaji kona yake moja ndogo tu: unatoa SVG (faili la mistari, siyo picha) kutoka Inkscape (umeona kwa nini nilianza na Inkscape?), unaiingiza Blender, inakuja ndogo kama punje ya mtama na hapo ndipo watu hudhani haijaingia, bonyeza S uivute ikue, halafu kwenye Geometry unaongeza Extrude kidogo kidogo kupata unene na Bevel kulainisha kingo. F12 inakupa picha. Usipowasha Transparent kwenye Film utaletewa mandhari ya kijivu nyuma ya logo, alafu utaniandikia tena.

Sina kompyuta, simu tu.

PixelLab ya Android, ina maandishi ya 3D, unapanga unene na upande wa mwanga kwa kidole. Kwa poster na status inatosha sana. Ila inachokupa ni picha ya pikseli, yaani vidoti, ukimpelekea mtu wa mabango aitanue mita tatu itatoka kama imepigwa na mvua.

Naona logo za wenzangu zimechongwa ukutani, zina dhahabu, kivuli, mpaka skrubu zinaonekana. Wanatumia programu gani?

Hawajachonga kitu mdogo wangu. Hiyo ni mokapu. Kuna faili la PSD (la Photoshop) ambalo ukuta, dhahabu na skrubu vilishatengenezwa na mtu mwingine, dizaina anafungua tabaka moja, anabandika logo yake bapa, anasevu, inatokea imechongwa. Unaweza kufanya hivyo hivyo leo kwa Photopea, inafungukia kwenye brauza tu na ni bure. Ni dakika mbili. Kinachoniudhi ni wanaompelekea mteja hiyo mokapu kama ndo logo. Mimi mwenyewe zamani nilifanya ujinga wa jamii hiyo, nikampa mteja logo inang'aa kila kona, na rangi zinafifia toka bluu kwenda zambarau, akafurahi, akalipa. Baadae akaipeleka kwa fundi wa kudarizi fulana, fundi akamuuliza huo mng'ao aushone na uzi gani. Kwenye muhuri ndo kabisa, lilitoka doa jeusi la duara. Nilimrudia kumtengenezea ya bapa bila hela, siku mbili zangu zikaenda. Kwa hiyo mteja mpe zote, ya bapa ya rangi moja ndo logo, ya 3D ni nguo ya sikukuu.

Na msiniambie bapa imepitwa na wakati. Google waliondoa ung'avu 2013 na Volkswagen 2019, na sio kwamba walikosa hela ya programu.

Photoshop yangu siioni menyu ya 3D. Au nipe ya krak yenye 3D.

Adobe walitangaza 2021 kwamba wanaiondoa 3D kwenye Photoshop, haujafanya kosa. Ukiwa unalipia Illustrator, humo ipo na ni rahisi. Krak sitoi, nimeshasema. Ukidaunlodi faili la zip lenye paswedi na maelekezo ya "zima antivairasi kwanza", shauri yako.

Canva je?

Kwa kupanga poster sawa. Ukichukua templeti ya logo humo jua kuna wengine wanayo hiyo hiyo, na siku ukienda BRELA (Tanzania) au KIPI (Kenya) kusajili alama ya biashara utakuta huwezi kuidai ni yako peke yako.

Kivuli kiende upande gani?

Mwanga weka juu kushoto, kivuli kiangukie chini kulia, na iwe hivyo kwa herufi zote. Juzi nimepita saluni moja, bango lao lina herufi sita na majua matatu.