Maswali ya Wasomaji: Albamu Ileile, Sauti Nyingine

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu matoleo mapya ya kifahari ya albamu za zamani za metali kali (muziki wa magitaa mazito, dramu za kasi na sauti za kunguruma), yale yanayokuja katika boksi lenye CD mbili au tatu, kijitabu kinene na picha ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Baadhi ya waandishi wa barua wamefurahi, wengine wanahisi wamechezewa. Tumechagua tano.

Ndugu Mjibu Maswali, shikamoo. Mjomba wangu aliniachia CD ya *Human* ya kundi la Death, iliyotoka mwaka 1991, nami nimeisikiliza tangu nikiwa kidato cha pili. Majuzi nilipata toleo la lebo ya Relapse la mwaka 2011. Nyimbo ni zilezile na zinafuatana vilevile, lakini nahisi kana kwamba wanaopiga ni watu wengine. Gitaa la besi, hasa, limejitokeza mahali ambapo zamani sikulisikia. Je, nimeuziwa albamu iliyorekodiwa upya? — Msomaji, Nakuru

Marahaba. Hakuna aliyerudi studio kupiga nyimbo hizo, wala isingewezekana kwa kundi lile, kwa kuwa Chuck Schuldiner, mwanzilishi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Death, alifariki tarehe 13 Desemba 2001. Hata hivyo sikio lako halikukudanganya. Ulichonunua ni albamu iliyomiksiwa upya, na tofauti kati ya kumiksi upya na kumasta upya ndiyo jambo la kwanza ambalo mnunuzi wa matoleo haya anapaswa kulitafuta, kwani mara nyingi sifa huandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, na neno hilo moja likawekwa kwa maandishi madogo katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu.

Fundi anayemasta upya huanza na kanda ya masta yenye njia mbili, ya kulia na ya kushoto, ambamo dramu, magitaa, besi na sauti ya mwimbaji vimekwisha kuunganishwa. Anaweza kuongeza uzito wa sauti za chini, kupunguza ukali wa zile za juu na kupandisha kiwango cha albamu nzima, lakini hawezi kumleta mpiga besi mbele huku akiwaacha wenzake walipo. Anayemiksi upya hurudi nyuma hatua moja zaidi, kwenye kanda pana ya studio ambayo kila ala ina njia yake, kisha anaamua upya ni nani asikike mbele na ni nani akae nyuma. (Ndiyo maana santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zinaweza kuondolewa mikwaruzo, ila haziwezi kumiksiwa upya: enzi zile mwimbaji na wapigaji wake walinaswa pamoja, kwa mkupuo mmoja, na hakuna wa kuwatenganisha.)

*Human* ilirekodiwa Morrisound, studio ya Tampa, Florida, ambako albamu nyingi za deth metali (tawi mojawapo la metali kali) ya Marekani zilipatia sauti yake, na mtayarishaji alikuwa Scott Burns akishirikiana na Schuldiner mwenyewe. Walioipiga ni Schuldiner, Paul Masvidal katika gitaa la pili, Sean Reinert katika dramu na Steve Di Giorgio katika besi. Kwa miaka mingi wapenzi wa albamu hiyo walilalamika kwamba mchango wa Di Giorgio ulimezwa na magitaa; ulijua kuwa yupo, lakini ilikubidi uinamie spika ili umfuate. Toleo la 2011 lilimiksiwa na Jim Morris, mmoja wa ndugu wenye Morrisound, naye akaitoa besi hiyo uvunguni. Sikiliza tena “Cosmic Sea”, wimbo usio na mwimbaji, na utaelewa kwa nini wapiga besi wengi walilipokea toleo hili kwa shukrani.

Sasa nikupe maoni yangu, ambayo hulazimiki kuyakubali. Miksi mpya inanifundisha jinsi nyimbo zilivyojengwa, ila miksi ya 1991 ndiyo *Human*. Ule ukungu wa gitaa uliolalamikiwa ni uamuzi uliofanywa na mwenye albamu akiwa hai, ameketi mezani na Burns, na huenda hata yeye baadaye angeubadili, lakini hakuna awezaye kutuambia. Kwa hiyo sina ugomvi na miksi mpya mradi ile ya zamani iendelee kupatikana, na mradi boksi liseme waziwazi ni ipi iliyomo. Ugomvi wangu ni na yale matoleo ambayo huifuta ya kwanza. Mfano unaojulikana zaidi uko nje kidogo ya metali kali: mwaka 2002 albamu mbili za mwanzo za mwimbaji Ozzy Osbourne zilitolewa upya huku besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake zikiwa zimeondolewa na kupigwa na watu wengine, na ilibidi wasikilizaji wangoje hadi 2011 ndipo rekodi za awali ziliporudishwa madukani. Usiigawe CD ya mjomba wako.

Salaam. Nimelinganisha CD za zamani za miaka ya 1989 hadi 1995 na matoleo yake mapya, na mara nyingi mapya yana sauti kubwa zaidi. Mwanzoni napendezwa, lakini baada ya nyimbo tatu masikio yanachoka na natamani kuzima. Je, tatizo ni redio yangu? — Msomaji, Tanga

Redio yako haina kosa. CD ina dari: kuna kiwango cha juu ambacho sauti haiwezi kukipita. Fundi akitaka albamu isikike kubwa zaidi bila kuvuka dari hiyo, huvikata vilele vya sauti kwa kifaa kiitwacho limita, kisha hupandisha vyote vilivyobaki. Katika muziki wa taratibu hasara yake inaweza kufichika. Katika metali kali haifichiki, kwa sababu muziki huu unategemea mapigo mafupi, makali na yanayofuatana kwa kasi kubwa mno: snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) katika mipigo ya kimbunga, na ngoma kubwa inayopigwa kwa miguu miwili. Kila pigo ni kilele. Vikikatwa vyote, snea iliyokuwa ikipasuka inabaki kama mtu anayegonga katoni, na ngoma kubwa inageuka kuwa mngurumo usio na mapengo. Sikio linachoka kwa kuwa halipewi nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo.

Lebo ya Earache ya Nottingham, Uingereza, ambayo katalogi yake ndiyo nusu ya historia ya muziki huu, ilikuja kulikiri tatizo hilo kwa vitendo ilipoanzisha mfululizo unaoitwa Full Dynamic Range, ambao hurudi kwenye kanda za awali na kuzimasta bila ubanaji huo. Humo imo *Altars of Madness* ya kundi la Morbid Angel, ya mwaka 1989, nayo pia ni zao la Morrisound. Ukiiweka kwenye redio, huenda ukadhani ni dhaifu kuliko CD uliyozoea. Ongeza sauti. Kipimo cha haki ni kuyaweka matoleo mawili katika kiwango kimoja cha sauti kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kuhukumu, kwani sikio la binadamu, likiachwa lijiamulie, huchagua kilicho na sauti kubwa na kukiita bora.

Nionye pia dhidi ya imani kwamba santuri ni dawa ya kila kitu. Santuri ya gramu 180 iliyokatwa kutoka kwenye masta ileile iliyobanwa itakupa ubanaji uleule, kwa bei kubwa zaidi.

Na si kila ukwaruzo ni kasoro ya kusafishwa. *Scum* ya kundi la Napalm Death, ya mwaka 1987, ina upande wa kwanza uliorekodiwa Agosti 1986 na upande wa pili uliorekodiwa Mei 1987, na mpiga dramu Mick Harris ndiye pekee aliyepiga pande zote mbili. Pande hizo hazifanani kwa sauti, wala hazipaswi kufananishwa. Fundi atakayezilainisha ziende sawa atakuwa ameifuta historia ya kundi. Vivyo hivyo kwa *Transilvanian Hunger* ya kundi la Darkthrone, ya 1994, iliyorekodiwa kwa mashine ya njia nne tu. Ubaridi ule ulikusudiwa.

Nina pesa ya boksi moja tu kwa mwaka. Je, nyimbo za ziada zina thamani, au ni za kujaza nafasi? — Msomaji, Maskati

Inategemea zimetoka wapi. Demo (rekodi za majaribio) na rekodi za mazoezi, kama zilizoambatana na *Human* ya 2011, zina thamani kwa mtu anayepiga ala, kwa sababu humo unausikia wimbo kabla haujavaa nguo. Onyesho la jukwaani la wakati uleule lina thamani kwa kila mtu: toleo la *Altars of Madness* la mwaka 2006 lilikuja na video ya kundi hilo likipiga Nottingham mwaka 1989, mwaka wa albamu yenyewe, na humo mtu anaona kwa macho yake kwamba kasi ile haikuwa hila ya studio. Mahojiano ya Fenriz na Nocturno Culto, wanamuziki wa Darkthrone, yaliyoongezwa na lebo ya Peaceville katika matoleo ya kundi hilo ya 2003 nayo yanastahili muda wako. Bendera, beji na vyeti vyenye namba sivihesabu.

Katika matoleo mapya ya albamu za kundi la Celtic Frost ya mwaka 2017 sikuiona *Cold Lake*. Imesahauliwa? — Msomaji, Kampala

Haikusahauliwa, iliachwa. Mfululizo ule ulikuwa na *Morbid Tales*, *To Mega Therion*, *Into the Pandemonium* na *Vanity/Nemesis*, na ukairuka albamu hiyo ya 1988, ambamo kundi liliingia katika mtindo wa nywele zilizotimuliwa na mapozi ya kimapenzi. Kiongozi wake, Tom Gabriel Fischer, ameikana hadharani mara nyingi. Namwelewa, lakini ningependa iwemo. *Vanity/Nemesis* ya 1990 haieleweki vizuri kwa mtu asiyejua ilikuwa ikikimbia nini.

Nimesoma kwamba studio huoka kanda za zamani kabla ya kuzitolea matoleo mapya. Nina kaseti za metali za miaka ya 1990 ambazo zimeanza kukwama na kulia kwa sababu ya unyevu wa hapa kwetu. Je, nami nizioke? — Msomaji, Mombasa

La, tafadhali usizioke. Kinachookwa ni kanda za studio za magurudumu makubwa, hasa za miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi inayoshika unga wa sumaku ilivuta unyevu na kunata. Huwekwa kwa saa nyingi katika joto dogo linalodhibitiwa, la nyuzi 50 hivi za Selsiasi, na nafuu inayopatikana ni ya muda tu, ya kutosha kuinakili kanda kabla haijanata tena. Kaseti za nyumbani kwa kawaida hazina ugonjwa huo, na oveni ya jikoni itakunja ganda lake la plastiki. Kaseti inayolia huenda shida yake ni ganda lililopinda, au kile kijipedi cha kitambaa kilichobanduka. Mpelekee fundi aihamishie kanda kwenye ganda jingine lenye skrubu, na ukiona unga mweupe wa kuvu, usiicheze kabisa mpaka isafishwe, maana kuvu ile itahamia kwenye kichwa cha mashine na kuzifikia kaseti zako nyingine zote.